Simu Ikipotea Ukiwa Mizungukoni Dodoma: Kipi Kitangulie, Kipi Kisubiri

Mtu akigundua simu haipo akiwa kwenye mizunguko yake mjini, mara nyingi hufanya moja kati ya mawili. Ama anakimbilia kufunga laini papo hapo, ama anazunguka saa mbili nzima akiuliza duka hadi duka huku akaunti yake ya pesa ikiwa wazi. Yote mawili yanagharimu. Laini ikifungwa, simu haiiti tena na bando lake la intaneti linakufa, kwa hiyo hata programu ya kuitafuta haiioni. Isipofungwa, aliyeishika anaweza kuichomoa, akaiweka kwenye kitochi (simu ndogo ya vitufe) na kuanza kupokea namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na mitandao ya kijamii. Laini ni lazima ifungwe, ila ifungwe kwa zamu yake: piga kwanza, zuia pesa, ifunge simu kwa mbali, ndipo ukate laini.

1. Jipekue kabla hujapiga kelele

Simama ulipo na usogee pembeni mwa njia. Usipapase mkoba, umwage. Simu huingia kwenye tundu la bitana la mkoba wa zamani na ikakaa humo kimya. Kama umebeba kikapu, toa mchicha na nyanya zote hadi uone kitako. Kama una mfuko wa kilo tano za mchele uliofunguliwa, utikise. Aliyefunga kanga kiunoni afungue pindo. Aliyetoka kwenye bodaboda aangalie ndani ya kofia ngumu, kwa sababu wapo wanaobana simu humo ili waongee njiani, kisha wanamrudishia dereva kofia pamoja na simu.

Ukiwa na vipokea sauti vya bluetooth na bado vinacheza muziki, simu haiko mbali: ni mita kumi hivi, pengine pungufu kama kuna ukuta katikati. Tembea taratibu. Sauti ikikatikakatika unatoka nje ya eneo, ikitulia unasogea.

2. Piga, na usikilize vizuri kinachojibu

Azima simu kwa mtu mwenye sehemu maalumu ya kazi: wakala wa pesa, muuza duka, kinyozi. Mtajie namba abonyeze mwenyewe na simu ibaki mkononi mwake. Watu wa sokoni wameshalizwa sana na waazima simu wanaotokomea nazo, kwa hiyo ukimwambia "Kaka, naomba unipigie namba yangu, nimepoteza simu sasa hivi, we shika tu mwenyewe," atakusaidia haraka kuliko ukinyoosha mkono kuichukua.

Kinachofuata hapo kinakupa habari nyingi:

- Inaita hadi mwisho na haipokelewi. Huenda iko palepale ulipoiacha, imezimwa sauti au imefunikwa na kitu. Hii ndiyo hali yenye matumaini zaidi. Piga mara mbili tatu, kisha pumzika. Kupiga mfululizo kunamaliza chaji.
- Inaita kidogo, kisha inakatwa. Iko mikononi mwa mtu. Usipige tena, tuma ujumbe.
- Inatumika. Huenda mtu anaongea nayo, au ndugu yako mwingine anaipigia saa hiyohiyo. Subiri dakika mbili.
- Haipatikani. Imezimwa, chaji imekwisha, laini imechomolewa, au simu imeingia mahali pasipo na mtandao. Usikate tamaa kwa jibu hili peke yake. Kama uliiacha kwenye basi lililoondoka kuelekea Kondoa au Mpwapwa, njiani kuna vipande ambavyo mtandao unapotea na kurudi. Piga tena baada ya nusu saa.

Simu ya laini mbili ina ushahidi wa ziada. Piga namba zote mbili, moja baada ya nyingine. Ikiwa moja inaita na nyingine haipatikani hata baada ya kurudia, laini moja imechomolewa. Simu inayosubiri mwenyewe juu ya kaunta haichomoi laini yake, kwa hiyo ruka utafutaji wa mguu na uende moja kwa moja kwenye hatua ya pesa.

Ujumbe unaotuma uanze na namba ya kupigiwa. Skrini iliyofungwa huonyesha maneno machache ya mwanzo tu, na ukianza na salamu ndefu, namba itafichwa. Andika hivi: "Piga 07… Simu hii imepotea leo Majengo. Zawadi ipo." Usitaje kiasi cha zawadi, na usiweke vitisho vya polisi. Aliyeiokota kwa nia njema akisoma vitisho anaogopa kuonekana mwizi, na simu anaitupa.

3. Tafuta saa ya mwisho ulipokuwa nayo

Kumbukumbu ya mtu aliyechanganyikiwa haitegemeki. Atasema "nilikuwa nayo pale kwa muuza mchele" kumbe anakumbuka wiki iliyopita. Tafuta muda ulioandikwa mahali.

Kama ulilipa kwa lipa namba au ulitoa pesa kwa wakala, yule uliyemlipa ana ujumbe wa muamala kwenye simu yake, wenye saa na dakika. Nenda kwake umwombe aangalie. Ukikuta ulimlipa saa 4:20 asubuhi, basi hadi saa 4:20 simu ilikuwa mkononi, na maduka yote uliyopita kabla ya hapo unayafuta. Mara nyingi simu yenyewe inakutwa palepale, kwa sababu kaunta ya malipo ndipo inapoachwa kuliko kwingine: unabonyeza namba ya siri, unaiweka chini upokee mzigo na chenji, mikono inajaa, unaondoka. Kwa waliokuuzia kwa pesa taslimu, una stakabadhi ya EFD (mashine ya kodi) yenye saa pia, ikiwa uliidai.

Ukishapata saa hiyo, rudi nyuma kwa kufuata mfuatano uleule uliopita. Kila kituo angalia mahali pa kuwekea vitu: juu ya gunia, kando ya mizani, kibao kidogo cha mashine ya ATM, dirisha la mashine ya kusaga, mezani kwa fundi cherehani chini ya vitambaa, mahali pa kutawadhia msikitini, benchi la kusubiri dawa hospitalini. Usiulize "umeona simu yangu?" kwa sauti ya kumshuku mtu. Uliza kama kuna simu imeokotwa, ueleze rangi ya kava, na baki na alama moja ambayo hutaitaja, kwa mfano ufa wa kwenye kona ya skrini. Atakayesema anayo, mwulize yeye hiyo alama.

Masoko makubwa kama Soko Kuu la Job Ndugai pale Nzuguni yana ofisi ya uongozi, na wafanyabiashara wanajua kupeleka huko vitu vilivyookotwa. Pita hapo uache jina na namba ya kupigiwa. Mnadani hali ni nyingine. Pale Msalato au kwenye minada ya wilayani watu wanatawanyika jioni na eneo linabaki tupu, kwa hiyo ukigundua mapema ubaki uulize kwenye nyama choma na kwa wakusanya ushuru. Ukigundua umeshafika nyumbani, wa kumpigia ni mtendaji au mwenyekiti wa kijiji, maana wao wanajua nani analala karibu na uwanja.

4. Kama ilibaki kwenye chombo cha usafiri

Bajaji ndiyo inayoficha simu kuliko vyote. Simu ikitoka mfuko wa nyuma wa suruali, haianguki sakafuni. Inateleza kwenye mwanya kati ya kalio la kiti na kiegemeo, inaishia chini ya mto. Ukimpata dereva usimwambie "angalia nyuma," kwa sababu atageuza shingo na kusema hakuna. Mwambie anyanyue mto wa kiti. Abiria watatu wanaweza kukaa juu yake mchana kutwa bila kuisikia, hasa kama imewekwa mtetemo tu.

Kwenye daladala, simu huingia kwenye bawaba za kiti cha kukunja, au huteleza hadi chini ya siti ya nyuma gari linapopanda tuta. Huna namba ya gari? Sema njia iliyoandikwa mbele, saa uliyoshuka na kituo. Magari ya njia moja yanazunguka, na konda wa gari linalofuata anamjua mwenzake na kwa kawaida ana namba yake. Nenda kituo cha mwisho wa njia, iwe Nkuhungu au UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), usikimbize gari katikati.

Bodaboda, rudi kijiweni ulipompandia, si ulipomshukia. Wenzake wanajua ni nani aliyeondoka na abiria wa mahali fulani muda fulani, na vijiwe vingi vina kiongozi. Ikiwa ulimwita kwa programu ya usafiri, ingia kwenye akaunti yako kupitia simu nyingine. Safari na jina la dereva vipo kwenye historia. Lakini kama simu ilikuwa mfuko wa pembeni wa jaketi na mlipita barabara ya vumbi yenye mashimo, tembea kipande hicho kwa mguu kabla ya kumsumbua dereva.

Basi la mkoani ni rahisi zaidi: tiketi ina jina la kampuni, namba ya siti na mara nyingi namba ya gari. Nenda ofisi ya kampuni stendi kuu Nzuguni, nao watampigia kondakta akiwa njiani. Mwombe aiache ofisi ya kampuni hapo mwisho wa safari, isipitie kwa abiria mwingine "anayerudi Dodoma".

5. Zuia pesa, laini iache kwanza

Hatua hii haisubiri utafutaji uishe. Kama simu haina namba ya siri ya skrini, au kuna dalili yoyote kwamba iko mkononi mwa mtu, ifanye mara tu baada ya kupiga.

Mitandao yote nchini inatumia 100 kwa huduma kwa wateja, lakini 100 inakupeleka kwenye mtandao wa laini unayopigia. Tafuta mtu mwenye laini ya mtandao wako. Mhudumu atataka jina kamili kama lilivyosajiliwa, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na kwa kawaida maswali mawili matatu ya kuthibitisha: muamala wa mwisho ulikuwa wa kiasi gani, umempigia nani karibuni, salio ni kama ngapi. Kariri hayo kabla ya kupiga, kwa sababu ukibabaika atasita, na yuko sahihi kusita.

Mwambie hivi: akaunti yangu ya pesa izuiwe sasa hivi, laini iache wazi kwanza kwa sababu bado naitafuta simu. Akijibu kwamba hawezi kutenganisha, amua kwa kuangalia salio. Kama una pesa ya maana humo, funga vyote. Simu ina bei yake, ila ada ya shule ya mtoto haingoji.

Usijidanganye kwamba namba ya siri ya tarakimu nne inatosha. Wengi wameweka mwaka wa kuzaliwa, na wengi haohao wanabana kitambulisho cha NIDA nyuma ya kava la simu. Tarakimu nane za kwanza za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa. Mwizi hahitaji kubahatisha.

Kama una huduma ya benki kwenye namba hiyo, pigia benki nayo. Kuzuia akaunti ya mtandao wa simu hakuzuii ya benki.

6. Ifunge simu kwa mbali

Simu ya Android inatafutwa kwa Find Hub, ambayo zamani iliitwa Find My Device. Fungua android.com/find kwenye simu au kompyuta nyingine na uingie kwa akaunti ya Google iliyomo kwenye simu iliyopotea. Kwenye simu ya kuazima fungua kwa hali fiche (incognito), na ukimaliza funga dirisha, la sivyo barua pepe yako itabaki kwa mwenye simu. Kwa iPhone, ni icloud.com/find.

Kwa kawaida, ili ionekane, simu iwe imewashwa, iwe na intaneti na huduma ya mahali iwe haijazimwa. Hapo ndipo wanaowasha bando wakati wa kuperuzi tu na kulizima hukwama. Ikiwa bando limekwisha, mtu akikununulia bando kwenye namba yako linaweza kuirudishia mawasiliano, mradi data ya simu iliachwa wazi. Ni jaribio la bei ndogo.

Fanya kwa mpangilio huu. Kwanza sauti: simu ya Android italia kwa sauti ya juu hadi dakika tano hata kama ilizimwa mlio. Fanya hivyo ukiwa tayari umefika eneo lenyewe. Kuilizisha ukiwa mbali ni kumwamsha aliyeiona aizime. Pili, ifunge kama simu iliyopotea na uandike ujumbe na namba ya kupigiwa kwenye skrini. Tatu, na hii isiguswe hadi ukubali kwamba haitarudi, ni kufuta kila kitu. Simu ya Android ikishafutwa kwa mbali huwezi kuiona tena kwenye ramani. Kwa iPhone, baada ya kufuta usiiondoe kwenye akaunti yako, kwa sababu akaunti hiyo ndiyo inayomzuia mtu mwingine kuiwasha upya kama yake.

Kikwazo kinachowakuta wengi: Google inaomba namba ya uthibitisho, na namba hiyo inatumwa kwenye simu iliyopotea. Mwenye zile namba za akiba kumi (backup codes) ambazo Google humpa mtu mapema, akaziandika kwenye daftari, anapita. Asiye nazo atalazimika kurudishiwa laini kwanza, ndipo aingie.

Duara linaloonekana kwenye ramani si nyumba. Maeneo ya nyumba zilizobanana kama Chang'ombe, duara hilo linaweza kufunika kaya kumi. Usiende kugonga milango, na kamwe usipige kelele za "mwizi". Mtaa ukishaitikia, hutaweza kuuzuia, na huenda aliyepigwa siye. Piga picha ya ramani ikiwa na saa, uende nayo polisi au kwa mwenyekiti wa mtaa.

7. Sasa kata laini, kisha uirudishe

Ukishaifunga simu, au ukishindwa kuifunga ndani ya saa moja, kata laini zote mbili. Watu husahau ile ya pili ya bando, wakati ndiyo iliyosajiliwa kwenye barua pepe.

Kurudishiwa laini kunataka namba ya NIDA na alama za vidole, kwa sababu usajili wa laini nchini unafanywa kwa vidole. Nenda duka la mtandao wenyewe au wakala anayetambulika. Mkulima au fundi mwenye vidole vilivyosagika anawe kwa maji, afute, apake mafuta kidogo sana na afute tena. Kidole kikavu kilichopasuka ndicho mashine inachokikataa, na kiangazi cha Dodoma hakisaidii. Laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka au la mwajiri wa zamani haitarudi bila mwenyewe kuwepo.

Pesa haikai ndani ya laini wala ndani ya simu. Iko kwenye akaunti, na utaikuta. Huenda ukatakiwa kuweka namba mpya ya siri, na benki zingine huzuia huduma ya simu hadi ufike tawini uthibitishe kwamba laini umeibadilisha mwenyewe. Usiende benki saa tisa alasiri Ijumaa ukitegemea kumaliza.

8. WhatsApp na watu wako

Siku simu inapopotea ndiyo siku ndugu zako wanaanza kuombwa pesa "kwa dharura". Kabla laini haijarudi, mwombe mtu mmoja anayeaminika aandike kwenye kundi la familia na la kazi kwamba simu imepotea na asitumiwe mtu pesa yoyote. Laini ikirudi, sajili WhatsApp kwenye simu nyingine. Ile ya zamani itatolewa yenyewe. Kama laini itachelewa, waandikie huduma ya msaada ya WhatsApp ukieleza kwa Kiingereza kwamba simu imepotea na akaunti ifungwe, namba ukiiandika kwa kuanza na +255. Akaunti hubaki siku 30 kabla ya kufutwa, kwa hiyo una muda wa kuirudia.

Atakayetumiwa ujumbe wa kuombwa pesa na namba ngeni asiufute. Namba ya tapeli inatumwa kwenda 15040.

9. Polisi, RB na IMEI

Kuna karatasi mbili zinazochanganywa. Ukiibiwa, unaenda kituo cha polisi kilicho karibu na ulipoibiwa, unaandikisha kosa, unapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi. Ukipoteza tu, unachukua taarifa ya upotevu wa mali, ambayo inaombwa pia mtandaoni kwa mfumo wa polisi, unalipia kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali) na kuichapa. Usiseme umeibiwa ili ushughulikiwe haraka. Maelezo yako yatasomwa siku simu itakapokamatwa kwa mtu.

Beba IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe. Ni tarakimu 15, na simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Utaipata kwenye boksi, kwenye stakabadhi ya duka zuri, au ndani ya Find Hub ukigusa alama ya maelezo kando ya jina la simu. Kwa karatasi ya polisi na IMEI, mtandao wako unaweza kuombwa uifungie simu yenyewe. Nchi ina rejista moja ya IMEI inayosimamiwa chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hivyo simu iliyofungiwa haitumii laini ya mtandao wowote hapa. Itaendelea kufanya kazi kwa waifai, na hilo ni jema kwako kwa sababu bado inaweza kuonekana kwenye ramani. Kubadili IMEI ni kosa la jinai, ingawa wapo mafundi wanaoahidi kufanya hivyo.

Simu ikipatikana, rudi kulekule iondolewe kwenye orodha. Hilo husahaulika, na mtu anabaki na simu nzima isiyokamata mtandao akidhani imeharibika.

10. Aliyeiokota akipiga

Shukuru kwanza, uliza baadaye. Uliza ile alama uliyoificha. Panga kukutana mchana mahali penye watu na ofisi: kituo cha polisi, ofisi ya serikali ya mtaa, kwa wakala anayejulikana. Nauli na zawadi vitolewe mkononi simu ikiwa imeshaonekana. "Nitumie elfu ishirini ya nauli nikuletee" ikitoka kwa mtu asiyeweza kutaja alama, ni utapeli, na mara nyingi simu hana. Namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye ujumbe haisomwi kwa mtu yeyote, hata aliye na simu yako mkononi. Wenye iPhone wajihadhari pia na ujumbe wenye kiungo unaosema simu imeonekana na kuwataka waingie hapo kwa nenosiri. Kiungo hicho hakitoki Apple.

Mtu aliyerudisha kweli mpe kitu. Aliyepoteza saa yake kuzunguka na simu ya mtu kutoka Ihumwa hadi mjini amelipa nauli na ameacha kazi.

Mambo ya kufanya leo, simu ikiwa bado mfukoni

Bonyeza *#06#, nakili IMEI kwenye daftari la nyumbani. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako, na kama unayotumia haimo, irekebishe. Weka namba ya siri ya tarakimu sita kwenye WhatsApp. Chapisha zile namba za akiba za Google. Kariri namba moja ya mtu wa nyumbani. Ndiyo utakayoipiga kutoka kwa wakala.

Weka pia namba ya siri ya laini, inayoombwa simu ikiwashwa au laini ikihamishiwa simu nyingine. Hii ndiyo kinga kuu dhidi ya mtu anayechomoa laini na kuitia kwenye kitochi, na wachache sana wameiweka. Tafuta kwanza kile kikadi cha plastiki kilichokuja na laini, kwa sababu namba ya kuanzia imechapwa hapo. Ukikosea mara tatu laini inajifunga na kudai PUK (namba ya kuifungulia), na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa.

Ondoa NIDA na kadi ya benki kwenye kava. Badala yake weka kikaratasi chenye namba ya mtu mwingine wa nyumbani. Kitochi hakina ramani wala akaunti, kwa hiyo andika namba hiyo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa betri. Anayeokota kitochi jambo la kwanza hukifungua aone laini.

Na ukilazimika kununua simu nyingine iliyotumika pale mjini, kabla hujatoa pesa bonyeza *#06# mbele ya muuzaji, tuma zile tarakimu 15 kwenda 15090, usome jibu, ulinganishe na boksi. Asiyetaka ufanye hivyo, mwachie simu yake.